Wapelelezi wa Vitabuni Kwenye Skrini ya Leo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa watu tunaotazama nao tamthilia za upelelezi Jumamosi jioni hapa Bombo, na kwa wengine wanaotuandikia kutoka Arua, Busia, Jinja na Kampala. Sikuyapanga kwa umuhimu. Pale ambapo jibu linatoboa siri ya hadithi nimeweka onyo mwanzoni. Ukilipuuza, usije ukanilaumu.

Mnazungumzia tamthilia zipi hasa?

Zile zinazomchukua mpelelezi aliyezaliwa kitabuni zamani, zikamtoa katika enzi yake, nchi yake, hata jinsia yake, kisha zikampa kazi upya. Sherlock ya BBC (2010 hadi 2017) ndiyo iliyotuingiza wengi wetu. Halafu kuna Elementary ya Marekani (2012 hadi 2019), Lupin ya Ufaransa iliyoanza 2021, Miss Sherlock ya Japani (2018) ambamo Holmes na Watson wote ni wanawake wa Tokyo, na nyingine. Zile zinazofuata kitabu kwa karibu, kama za Jeremy Brett aliyeigiza Holmes kuanzia 1984 hadi 1994, zitatajwa tu kwa sababu bila hizo huna cha kupimia hizi mpya.

Lazima nisome vitabu kwanza?

Si lazima. Lakini soma hadithi moja fupi, kisha utazame ilivyogeuzwa, uone raha yake. Mimi huwapa wageni "A Scandal in Bohemia", iliyotoka katika jarida la The Strand mwaka 1891, pamoja na "A Scandal in Belgravia", sehemu ya Sherlock iliyoonyeshwa Januari 2012. (Onyo: siri inatobolewa hapa.) Kitabuni, mfalme anaitaka picha aliyopigwa na Irene Adler. Kwenye televisheni picha zimo ndani ya simu yenye neno la siri, na anayehofia aibu ni mtu wa ukoo wa kifalme wa Uingereza. Mpaka hapo mabadiliko ni mazuri mno. Tatizo ni mwisho. Mwaka 1891 Irene Adler anamshinda Holmes waziwazi, anaondoka na mumewe na picha yake, na Holmes anabaki kumheshimu maisha yake yote. Mwaka 2012 mwanamke huyo huyo anashindwa, kisha anaokolewa na Holmes. Yaani mwandishi wa enzi ya Malkia Victoria alimpa mwanamke ushindi, na waandishi wa karne yetu wakampokonya. Akina dada wa Bombo huwa hawaliachi jambo hilo lipite hivi hivi.

Kwa nini kila mara ni Sherlock Holmes?

Arthur Conan Doyle alimtoa Holmes kwa mara ya kwanza mwaka 1887, akaendelea naye hadi 1927: riwaya 4 na hadithi fupi 56. Mwaka 2012 Guinness walitangaza kwamba Holmes ameigizwa mara 254 kwenye filamu na televisheni, kuliko binadamu mwingine yeyote wa kubuniwa vitabuni. (Dracula amempita, lakini Dracula si binadamu.)

Sababu ziko kadhaa. Hadithi ni fupi na kila moja inajitegemea, kwa hiyo zinaingia vizuri katika sehemu za televisheni. Haki za mwandishi zimeisha. Lakini kubwa zaidi ni kwamba Holmes amejengwa kwa ishara chache unazoweza kuzibeba popote: mtu anayetazama kuliko wenzake, rafiki daktari anayeshangaa kwa niaba yetu, chumba kilichojaa vurugu, mama mwenye nyumba mvumilivu. Weka hizo Tokyo au New York, bado unamjua ni nani.

Na tusisahau kwamba hata huyo Holmes tunayemwita wa asili amekwisha kugeuzwa. Ile kofia maarufu ya kuwindia iliwekwa na mchoraji Sidney Paget. Kile kiko kilichopinda kilikuja na William Gillette jukwaani. Na ule usemi wa "Elementary, my dear Watson" haupatikani hivyo popote katika hadithi za Doyle. Anayelalamika kwamba BBC wamemchezea Holmes anamtetea mtu ambaye nusu yake ilitengenezwa na waigizaji na wachoraji.

BBC walibadilisha nini hasa, mbali na kumpa simu?

Hapa nitakaa kidogo.

Katika riwaya ya pili ya Holmes, ya mwaka 1890, Watson anampa saa ya mfukoni, akiamini kwamba hakuna la kusomeka humo. Holmes anaigeuza, anaona mikwaruzo kuzunguka tundu la kuitilia saa ufunguo, anasema: mwenye saa hii alikuwa mlevi, mkono wake ulitetemeka kila usiku alipotafuta tundu. Kumbe saa ilikuwa ya kaka yake Watson, na kweli pombe ilimmaliza.

Mwaka 2010 saa imekuwa simu. Mikwaruzo iko pale waya wa chaji unapoingia, kwa sababu ile ile, mkono ule ule. Nyuma kumechorwa jina Harry Watson na la mpenzi aliyemzawadia. Holmes anamaliza hesabu yake: ni kaka, amelewa, ndoa imevunjika. Kila kitu ni sahihi isipokuwa kimoja. Harry ni Harriet, dada yake. Aliyesoma kitabu anajua jibu ni "kaka", kwa hiyo anaanguka katika shimo lile lile alimoanguka Holmes. Mzaha huo ametegewa msomaji, na asiyesoma hakosi kitu, maana fundi wa simu yeyote mjini Kampala angeisoma ile mikwaruzo vilevile.

Mfano wa pili unatoka katika sehemu hiyo hiyo ya kwanza. Mwaka 1887 neno RACHE limeandikwa ukutani kwa damu. Polisi wanadhani mwandishi alikatizwa akitaka kuandika Rachel. Holmes anawacheka: ni Kijerumani, maana yake kisasi. Mwaka 2010 mtaalamu wa polisi ndiye anayetoa hoja ya Kijerumani, Holmes anamfungia mlango usoni, kwani safari hii marehemu alikuwa kweli anaandika Rachel. Waliotunga, Steven Moffat na Mark Gatiss, wanazijua hadithi kiasi cha kuzipindua bila kuzivunja. Nikipima tamthilia ya aina hii, huanzia hapo: anayebadilisha anajua anachobadilisha? Asiyejua hubadilisha nguo tu.

Kuna na jambo ambalo hawakuhitaji kuligusa kabisa. Watson wa Doyle alijeruhiwa vitani Afghanistan mwaka 1880. Watson wa 2010 ametoka kujeruhiwa Afghanistan. Miaka 130, nchi ile ile, jeshi lile lile. Doyle mwenyewe alijichanganya, mara jeraha liko begani, mara liko mguuni. BBC wakatumia hata kosa hilo: bega ndilo lililopigwa risasi, na kuchechemea kunatoka akilini mwa Watson.

Ujumbe wa simu unaoelea juu ya picha, badala ya kamera kusogezewa simu, ulisifiwa sana wakati ule. Leo kila tamthilia inafanya hivyo, hata hatuuoni tena.

Mbona watu wengi wanaulalamikia msimu wa nne?

(Onyo.) Kwa sababu mwaka 2017 kesi zilitoweka. Sherlock ina sehemu 13 tu kwa jumla, kila moja kama dakika 90, na kadiri ilivyoendelea ndivyo fumbo lilivyohama kutoka kwa mteja anayebisha hodi likawa ni Holmes mwenyewe: ukoo wake, utoto wake, dada wa siri aitwaye Eurus ambaye Doyle hakumjua. Mtazamaji hana dalili ya kuikamata. Anakaa kusubiri aambiwe. Waigizaji walikuwa wazuri hadi mwisho, Benedict Cumberbatch na Martin Freeman, hilo silikatai. Lakini mpelelezi asiye na kesi ni mtu mwerevu anayesumbua watu sebuleni.

Misimu miwili ya kwanza sina ugomvi nayo.

Watson kuwa mwanamke katika Elementary, si ni kutafuta kiki tu?

Wengi walidhani hivyo kabla haijaanza, na mimi nilikuwa na wasiwasi. Lakini tazama kazi aliyopewa. Joan Watson, anayeigizwa na Lucy Liu, alikuwa daktari wa upasuaji aliyeacha kazi baada ya mgonjwa kufa. Anakodiwa na baba yake Holmes akae na kijana wake, aliyetoka kutibiwa uraibu wa heroini, asije akarudia. Sasa kumbuka kitabu: Holmes wa Doyle hujidunga kokeni asipokuwa na kesi, na Watson anamgombeza kama daktari. Doyle aliligusa hilo akaliacha. Elementary ililishika kwa misimu 7 na sehemu 154. Holmes wa Jonny Lee Miller anakwenda kwenye mikutano ya waraibu, anateleza, anaanza tena.

Kwa kuwa walikuwa na muda mrefu, Watson naye anakua. Mwanzo ni mlinzi, kisha mwanafunzi, mwishowe mpelelezi kamili mwenye kesi zake. Na waandishi hawakuwafanya wapenzi, jambo ambalo watazamaji wetu walilisubiri wiki baada ya wiki bila mafanikio. (Onyo la nguvu: ruka sentensi inayofuata.) Mwisho wa msimu wa kwanza tunagundua kwamba Irene Adler na Moriarty, adui mkuu wa Holmes, ni mtu mmoja, na hapo ndipo yule mwanamke wa 1891 alipolipwa deni lake.

Hadithi moja moja za Elementary ni za kawaida, nyingine unaotea muuaji kabla ya tangazo la kwanza. Ila nikilazimishwa kuchagua wa kuishi naye jirani, nitamchagua Holmes huyu.

Jambo la pembeni: Miller na Cumberbatch waliwahi kuigiza pamoja Frankenstein jukwaani London mwaka 2011, wakibadilishana nafasi, leo huyu daktari, kesho yule kiumbe chake. Mwaka uliofuata kila mmoja alikuwa Holmes kwenye kituo chake.

Ni kweli kwamba House ni Sherlock Holmes?

Kweli, kwa koti la hospitali. House (2004 hadi 2012) anaishi nyumba namba 221B, kama ile ya Holmes mtaa wa Baker Street London, rafiki yake ni Wilson, ametawaliwa na dawa za maumivu, na mhalifu anayewindwa ni ugonjwa. Kinachopendeza ni kwamba Doyle, aliyekuwa daktari, alimtungia Holmes tabia za mwalimu wake wa udaktari Edinburgh, Joseph Bell, ambaye aliweza kumtazama mgonjwa akamweleza kazi yake na alikotoka kabla hajafungua mdomo. House amemrudisha Holmes hospitalini alikotoka.

Lupin ni mwizi. Amefikaje kwenye orodha ya wapelelezi?

Amefika kwa mlango wa nyuma, kama kawaida yake. Maurice Leblanc alimtoa Arsène Lupin mwaka 1905, akamgombanisha mapema na Sherlock Holmes. Doyle alipolalamika, jina likageuzwa kuwa Herlock Sholmès. Kwa hiyo tangu mwanzo Lupin ni upande wa pili wa Holmes: akili ile ile, ila iko upande wa anayekimbia.

Tamthilia ya Netflix ilifanya jambo ambalo nadhani ni la busara kuliko yote katika ukurasa huu. Omar Sy haigizi Lupin. Anaigiza Assane Diop, mtoto wa mhamiaji kutoka Senegal, ambaye baba yake alisingiziwa wizi wa mkufu na kumwachia mwanawe kitabu cha Lupin. Kitabu kimebaki kitabu. Assane anakisoma na kukitumia, na ndani ya polisi yuko mpelelezi mmoja anayemfuata kwa sababu naye amekisoma kile kile. Wenzake wanamwona amechanganyikiwa.

Na ule ujanja wa kujibadilisha? Lupin wa Leblanc alihitaji masharubu ya bandia. Assane anaingia jumba la makumbusho la Louvre akiwa mfanya usafi, na hakuna anayemtazama usoni. Mtu mweusi na ndoo, nani atamkumbuka? Tulipoiangalia hapa Bombo palikuwa na kijana anayefanya ulinzi kwenye benki moja Kampala. Alisema watu humpa begi alikague miaka miwili mfululizo, na wakikutana naye sokoni bila sare hawamjui.

Na Hercule Poirot? Mbona hageuzwi kama Holmes?

Amejaribiwa, na ni vigumu kwa sababu mbili. Kwanza sheria: Agatha Christie alifariki Januari 1976, na Uingereza haki zake zinadumu hadi mwisho wa 2046, kwa hiyo warithi wana neno la mwisho. Pili ni mitambo ya hadithi zenyewe. Christie anahitaji nyumba iliyofungika, ratiba ya treni, mtumishi aliyesikia mlango, barua iliyochelewa. Leta kamera za barabarani na vipimo vya vinasaba, nusu ya mafumbo yake yanakwisha saa nne asubuhi.

Pia David Suchet aliwaharibia wengine soko. Aliigiza Poirot kuanzia 1989 hadi 2013, sehemu 70, karibu kila hadithi. Mwaka 2018 BBC wakamleta John Malkovich katika The ABC Murders: Poirot mzee, mwenye ndevu za kidevuni, aliyesahauliwa, katika Uingereza ya 1933 inayowachukia wageni. Wakamtungia na siku za nyuma za upadri. Wapenzi wa Christie walikasirika. Mimi naona chuki ile dhidi ya mgeni imo kitabuni tangu 1920, kwani Poirot ni mkimbizi wa vita kutoka Ubelgiji, na watu huku wanaoishi jirani na wakimbizi wanaisoma sehemu hiyo haraka kuliko wasomaji wa London. Ule upadri ndio sikuuhitaji.

Miss Marple, yule bibi mpelelezi wa Christie, naye amehama. Korea Kusini walimfanya Ms. Ma mwaka 2018, mama aliyesingiziwa kumuua mtoto wake. Na ITV, katika Marple yao iliyoanza 2004, walimwingiza bibi wa watu hata katika hadithi ambazo Christie hakumwandikia. Anabisha hodi tu, anakaribishwa chai, maiti inapatikana.

Nimeona Mr. Bean akiwa mpelelezi. Ni vichekesho?

Si vichekesho hata kidogo. Ni Rowan Atkinson akimwigiza Maigret wa Georges Simenon, filamu 4 za ITV za 2016 na 2017. Maigret ni askari wa Paris mzito, mtulivu, anayevuta kiko na kuwaacha watu waseme hadi wajifunge wenyewe. Tulipoionyesha hapa watu walisubiri kicheko kwa nusu saa nzima. Baadaye wakanyamaza. Si tamthilia kali, lakini uso ule ukitulia unabeba huzuni usiyoitarajia.

Perry Mason wa HBO anafaa?

Anafaa kwa mtu mzima mwenye subira. Vitabu vya Erle Stanley Gardner (tangu 1933) na tamthilia ya Raymond Burr (1957 hadi 1966) vilimpa wakili asiye na doa. Toleo la 2020, la Matthew Rhys, linaanza 1932 Los Angeles, kabla hajawa wakili, akiwa na madeni na kumbukumbu mbaya za vita. Paul Drake, mpelelezi anayemsaidia Mason vitabuni, sasa ni polisi mweusi anayeamrishwa kubadilisha ushahidi. Huyo ndiye sababu ya kuitazama.

Nikitazama iliyotafsiriwa na VJ, nimeitazama kweli?

Swali hili huleta ugomvi kila mara. Kwa wasomaji wasio wa Uganda: VJ ni mtu anayeipunguza sauti ya filamu na kuisimulia kwa Kiganda, kwenye kibanda au kwenye nakala unayouziwa kwa flashi. Hatafsiri tu. Anawapa wahusika majina ya kwetu, anawakaripia, anatia chumvi. Majina kama VJ Jingo na VJ Junior yanajulikana kuliko ya waigizaji wenyewe.

Filamu ya mapigano haiharibiki kwa hilo, pengine inapona. Ya upelelezi ni hatari, maana yote yananing'inia kwenye jambo dogo linalotajwa mara moja, na VJ akipiga mzaha sekunde hiyo, limepita. Kuna nakala moja niliyowahi kuitazama ambamo VJ, muuaji alipoingia kwa mara ya kwanza akiwa amebeba sinia la chai, alisema kwa sauti ya kujua: "Huyu, mshikilieni macho." Kibanda kizima kikamshika. Saa moja na nusu iliyobaki tulikuwa tunamtazama mtu wa sinia.

Lakini sitawatupa. Kazi ya Watson ni kusimama kati yetu na mwerevu, na kuuliza swali ambalo sisi tunaona haya kuuliza. VJ mzuri anaifanya kazi hiyo hiyo. Holmes akimaliza kumwaga maneno sabini kwa pumzi moja, VJ anasema: "Ngoja kwanza, kwa hiyo viatu ndivyo vilivyomsema?" na ukumbi mzima unapumua. Ushauri wangu: sehemu ya kwanza tazama ya VJ uwajue watu, halafu irudie na sauti yake ya asili.

Waafrika hatuna wapelelezi wetu?

Tunao, na wasomaji wa Kiswahili walimpata Holmes wao miaka 50 kabla ya BBC kufikiria simu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, baada ya kushinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki. Bwana Msa wake ana kiko, ana utulivu, ana rafiki aitwaye Najum wa kumshangaa. Kila kitu cha Baker Street kimo, ila kimevaa kanzu na kinazungumza Kiswahili kitamu cha visiwani. Faraji Katalambulla, Elvis Musiba na Ben Mtobwa walifuata na wapelelezi wa mjini, wenye magari na bastola.

Kwenye televisheni kubwa ya nje tulipata The No. 1 Ladies' Detective Agency (2008 na 2009), kutoka vitabu vya Alexander McCall Smith, iliyopigwa Botswana kwenyewe. Jill Scott ni Mma Ramotswe, na fundi wa magari anayempenda anaigizwa na Lucian Msamati, ambaye wazazi wake ni Watanzania. Ni tamthilia ya upole, muuaji hayumo kila wiki. Anayemlilia Bwana Msa aonekane siku moja kwenye skrini kwa heshima kama ile, tuko pamoja.

Mwalimu, tukimleta Holmes Kampala atafanya kazi?

Tumelijadili hili jioni nyingi kuliko inavyostahili. Watson ndiye rahisi kuliko wote. Jeshi la Uganda lilipeleka askari Mogadishu kuanzia Machi 2007. Daktari wa jeshi aliyerudi kutoka Somalia na jeraha, pensheni ndogo na usingizi mbaya, anatafuta chumba cha kugawana kodi: huyo huhitaji kumtunga, na Kiswahili anacho tayari kutoka kambini. Watakutana maabara ya Mulago, kama wale walivyokutana maabara ya hospitali ya St Bartholomew's.

Watoto wa mitaani ambao Holmes aliwalipa shilingi moja kwa siku wamtafutie habari watakuwa vijana wa boda boda. Steji moja inajua nani amerudi nyumbani saa ngapi, na akiwa na nani. Holmes wa Doyle alisoma matangazo madogo ya magazeti kila asubuhi. Wa Kampala atasikiliza matangazo ya redio: vyeti vilivyopotea, ng'ombe walioonekana, jamaa anayeombwa arudi nyumbani haraka. Namba ya nyumba 221B itupeni. Mteja ataelekezwa kwa steji, duka la dawa na mwembe.

Shida ni udongo. Katika riwaya ile ile ya saa, Holmes anajua Watson ametoka posta ya mtaa wa Wigmore kwa sababu ya udongo mwekundu kwenye kiatu chake, maana mtaa huo pekee ulikuwa umechimbwa. Jaribu hilo hapa. Kila kiatu Kampala ni chekundu. Mwanafunzi mmoja akajibu kwamba basi Holmes wetu atamshuku mwenye kiatu safi: huyo ameshushwa na gari mlangoni, au amejifuta kabla ya kuingia, na kwa nini ajifute? Nikamwambia aanze kuandika usiku huo huo.

Sheria inaniruhusu kumwandika?

Holmes, ndiyo. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 inalinda kazi kwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na Doyle alifariki 1930. Hata Marekani, ambako hadithi za mwisho zilichelewa, zote zimekuwa huru tangu Januari 2023. Kabla ya hapo warithi waliwahi kuishtaki Netflix na wenzake mwaka 2020 kwa sababu ya filamu ya Enola Holmes, wakidai kwamba Holmes mwenye hisia za huruma ni wa hadithi za mwishoni tu, zilizokuwa bado na ulinzi. Kesi ilifungwa mwaka huo huo.

Lakini chukua kutoka kitabuni, usichukue kutoka televisheni. Molly Hooper wa mochwari katika Sherlock, yule Eurus, Joan mwenyewe na historia yake, hao ni mali ya waliowabuni. Poirot na Marple uliza wakili kwanza, hasa ukitaka kazi yako ivuke mpaka.

Watoto waanze na ipi?

Jeremy Brett, kwa walio na miaka kumi na kuendelea. Enola Holmes pia inawafaa, ingawa ni filamu. Lupin inapendwa na vijana wa sekondari, ila ina vifo kadhaa. Elementary ina maiti nyingi na mazungumzo ya dawa za kulevya. Perry Mason subirini walale.